Milimita Moja

Ofisi ya ardhi, chumba cha ramani.
Saa nne asubuhi, umeme umekatika tena.
Bwana Shen ameleta ombi la ukuta mpya
wa kampuni yake, huko nyuma ya Katuba,
na tukingoja umeme
amevuta karatasi yangu ya kunakilia
akachora mstatili.

"Chang'an," akasema. Mji wa wafalme wa kwao,
umekufa zamani, na jina lake maana yake Amani ya Daima.
Kasri kaskazini, mgongo ukutani,
uso kusini,
kwa kuwa mfalme hatazami mlima, anatazama watu.
Chini yake mitaa mia na ushee,
kila mtaa na kuta zake, kila ukuta na malango,
na jua likizama ngoma ilipigwa, ikapigwa,
pigo la mwisho likikukuta barabarani
wewe ni kosa linalotembea.

Na barabara kuu?
Akatandaza mikono mpaka akaangusha rula.
Haikuwa pana kwa ajili ya mikokoteni.
Ilikuwa pana ili ukiivuka ujione mdogo.

Nikacheka. Nikaifungua kwa teke droo ya chini,
ile yenye kutu,
nikautoa mji wangu: Lubumbashi kabla ya kuitwa Lubumbashi.
Mitaa iliyonyooka kama daftari la hesabu.
Kaskazini wazungu na mijakaranda yao,
kusini Kamalondo, nyumba kama viberiti,
na katikati pengo, mita mia saba za nyasi.
Waliuliza mbu anaruka umbali gani;
mbu akawa mhandisi.
Waliuliza na upepo, kabla ya kusimamisha bomba la moshi la shaba.
Upepo ukajibu,
nao wakatandika vitanda vyao upande usiokohoa.

"Kwetu pia," akasema Shen, "upepo na maji vina elimu yake."

Sikumwambia kwamba elimu hiyo
babu Kyoni aliisoma kwa kifua.
Ndiye aliyeburuta mnyororo wa kupimia,
mchana akipigilia vigingi kwenye mitaa
ambayo saa tatu usiku king'ora kilimfukuza.
Niliunyoosha mji, alikuwa akisema, mji ukanikunja.
Kisha anakohoa, anaomba bukari.

Tukabandika karatasi juu ya karatasi, kiooni.
Mistari ikakaribiana, ikakosana kidogo,
ikakaribiana tena.
Sidhani kuna aliyemwiga mwenzake.
Anayewaogopa watu huchora hivyo popote alipo:
anaanza na mahali pake pa kulala,
halafu mlango,
halafu umbali.

Shen akanyamaza. Kisha, akitazama nje,
akasema nyanya yake aliishi kwenye kichochoro
kilichofutwa kwa wino mwekundu, siku moja, kabla ya chai.
Alisema hivyo tu. Akaokota rula.

Kitu kimoja hakimo kwenye ramani yake wala yangu:
njia ya mshazari.
Inatoka nyuma ya kanisa la Katuba, inakata uwanja,
inapita kwenye shimo la matofali, inatokea sokoni.
Hakuna aliyeipima. Imechorwa na visigino.
Kila alfajiri mama yangu Kabulo
anaipita na beseni la vitumbula kichwani,
na nyuma yake wanawake thelathini, labda arobaini,
na mvua ikinyesha wanaisogeza kushoto kidogo
bila kumwandikia mtu barua.

Ukuta mpya unaikata katikati.
Ombi lina mihuri mitatu. La nne ni langu,
sina muhuri, nina kalamu.

Umeme ukarudi. Feni ikaanza kupekua karatasi.
Nikachora ukuta kama ulivyoagizwa,
kwa kipimo cha moja kwa elfu mbili,
mstari mweusi, ulionyooka, babu angeusifu.
Palipo na njia nikainua kalamu
kwa milimita moja.

Hesabu mwenyewe: ni mita mbili.
Beseni linapita.

Shen aliinama, akaitazama nafasi ile muda mrefu.
Akavua miwani.
Akatia sahihi.